Kazi alizokuwa akizifanya marehemu: kujifunza nyumba upya baada ya kufiwa na mwenzi

Kilio kikiisha, viti vya kukodi vinarudishwa, turubai linakunjwa, mashemeji waliotoka Likasi na Kolwezi wanapanda basi, na kesho yake mtu mmoja anaamka katika nyumba ambayo nusu ya kazi zake hazifahamu. Mimi ni mshauri wa kisaikolojia hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na wengi ninaowatembelea ni wajane na wagane. Familia inaponiita huniambia kwamba Papa hali chakula, au kwamba Mama hatoki chumbani. Ni nadra kuniambia kwamba Papa hajawahi kuwasha mbabula, yaani jiko la mkaa, maishani mwake, au kwamba Mama hajui ufunguo wa sanduku lenye karatasi za parseli, yaani kiwanja, umewekwa wapi. Lakini nikikaa uani saa moja, nikaangalia maji yanachotwa na nani na sufuria inatengwa motoni saa ngapi, naona kwamba huzuni na kazi za nyumba zimefungamana kiasi kwamba huwezi kushughulikia moja ukaiacha nyingine.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba aliyefiwa anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni msiba wenyewe, yaani kumlilia marehemu, kumkumbuka, kutazama kiti chake. Wa pili ni maisha yaliyogeuka, yaani kazi ambazo hazikuwa zake na sasa ni zake, maamuzi ambayo zamani yalifanywa na wawili, na namna mpya ambayo watu wanamtazama. Kwa maelezo yao, anayeendelea vizuri huenda na kurudi kati ya mizigo hiyo. Asubuhi analia, saa nne anahesabu pesa za makala (mkaa), jioni analia tena. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu hapa kwetu mjane akionekana sokoni mapema watu husema amemsahau mumewe haraka, na mgane akionekana anafua mashati watu humwonea huruma yenye aibu ndani yake. Kwenda sokoni hakupunguzi mapenzi, na mara nyingi ndiyo pumziko pekee ambalo mwili wake unapata siku hiyo.

Kuna kipimo cha zamani kidogo, cha Holmes na Rahe cha mwaka 1967, kinachopanga matukio ya maisha kwa uzito wake. Kifo cha mwenzi kiko juu kabisa, pointi 100. Wengi hunukuu namba hiyo na kuishia hapo, lakini mimi huwaonyesha wanafamilia mistari ya chini: kubadilika kwa hali ya fedha ni pointi 38, kubadilika kwa usingizi 16, kubadilika kwa ulaji 15. Kifo kimoja hubisha hodi kikiwa kimefuatana na hayo yote, na aliyefiwa anaombwa ayapokee katika wiki moja.

Katika mji wetu mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke una mizizi mirefu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi ambamo mwanamume alikwenda kazini kwa zamu, posho ya unga ilitolewa kwa hesabu ya familia, na mwanamke alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba katika vituo vya akina mama. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyoifuata, iliurithi mpango huo, na watoto waliozaliwa kambini waliuona kuwa ndio maumbile ya nyumba. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Waume wakabaki nyumbani, na akina mama wengi wakabeba familia kwa biashara ndogondogo. Pesa ilibadilisha mkono. Mwiko haukubadilisha mkono. Wanaume wa kizazi hicho sasa ni wazee, na wanapofiwa na wake zao ndipo tunapogundua jinsi walivyokuwa wanategemea mikono ambayo hawakuwahi kuitazama ikifanya kazi.

Mzee mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, alifiwa na mkewe baada ya miaka 41 ya ndoa. Binti zake, kwa moyo mwema kabisa, walimletea mjukuu wa miaka kumi na mitano aje ampikie. Nilipoitwa, mwezi wa tatu baada ya msiba, mzee alikuwa amepungua hadi mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Chakula hakikukosekana: bukari (ugali) ilikuwapo, sombe (kisamvu) ilikuwapo, na siku nyingine samaki. Nilipomuuliza kwa nini hali, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, «Mtoto anapika vizuri. Lakini nakula kama mgeni.»

Nilimwomba shemeji yake, mdogo wa marehemu anayekaa mtaa wa pili, aje Jumamosi, na nilimwomba jambo moja gumu: aweke mikono yake mapajani, asiguse kitu. Mzee aliwasha makala mwenyewe, akatenga sufuria, na maji yalipochemka akamimina unga wote kwa mara moja. Uligeuka madonge, meupe ndani na makavu. Shemeji alinyanyuka nusu kitini, nikamtazama, akaketi. Mara ya pili alimweleza kwa mdomo tu: kwanza unakoroga unga kidogo katika maji yakiwa vuguvugu, unapata uji, unauacha utokote vizuri, ndipo unaongeza unga taratibu huku unasonga, unaubana kwenye ukuta wa sufuria mpaka bukari iachane na sufuria na harufu ya unga mbichi iishe. Katikati ya kusonga mzee alisimama. Alikuwa anageuza mwiko mkononi. Ulikuwa umelika upande mmoja tu, ukaacha ukingo mkali kama wa kisu, kwa sababu marehemu alitumia mkono wa kushoto, na katika mkono wa kulia wa mzee mwiko huo haukukaa sawa. Miaka 41 alijua kwamba mkewe ni wa mashoto, lakini hakuwahi kuushika mwiko wake. Alilia palepale, mwiko mkononi, na uji ukaendelea kutokota. Shemeji naye akalia. Kisha akasema, «Shemeji, inaungua», na mzee akarudi kusonga.

Hicho ndicho Stroebe na Schut walichokuwa wanakieleza. Dakika mbili za kulia na dakika kumi za kusonga vilifanyika juu ya mbabula ileile, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba mfiwa aachwe kwanza alie, kazi atajifunza baadaye. Vilevile sikubaliani na wanaomwondolea kazi zote. Unapomchukulia mtu kazi zote za nyumba yake, unamwacha bila mahali pa kusimama ndani yake, naye anageuka mgeni kama mzee wetu alivyosema. Msaada ninaouomba kwa ndugu ni wa kukaa kando huku mikono ya mfiwa ikijifunza, hata kama bukari ya kwanza itatupwa.

Lipo pia jambo la watoto, na hapa nasema wazi. Mara nyingi anayepewa kazi za marehemu mama ni binti mkubwa, na hakuna anayemuuliza. Anaamka saa kumi na moja kuchota maji kabla hayajakatika, anapika, anaogesha wadogo zake, anafika darasani akiwa amechoka, na mwisho wa mwaka tunashangaa kwamba ameshindwa mtihani. Huyo binti naye amefiwa. Watoto wasaidie, ndiyo, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake, wavulana kwa wasichana, lakini nyumba isimgeuze mtoto kuwa mke. Yule mjukuu wa Katuba alirudi kwa mama yake mwanzoni mwa muhula, na sasa huja kwa babu yake siku ya Jumapili kula.

Kwa wajane, ugumu hukaa kwingine. Wanajua moto na maji, lakini karatasi, mita ya umeme na mafundi vilikuwa mkononi mwa mume. Mimi mwenyewe ni mjane. Nyumbani kwetu tulikuwa na paneli za jua na betri mbili kubwa za maji ya asidi kwa ajili ya siku ambazo umeme unakatwa, na mume wangu ndiye aliyezitunza. Kila mwisho wa mwezi alifungua vifuniko, akatazama ndani kwa tochi, akaongeza maji yaliyotoneshwa. Nilimwona akifanya hivyo mamia ya mara na sikuuliza hata siku moja. Miezi kadhaa baada ya kumzika, taa zilianza kufifia saa mbili usiku, kisha saa moja, na fundi alipofungua akanionyesha bamba za ndani zimekauka na kuwa na ukungu mweupe. Betri zilikuwa zimekufa. Nililia kwa betri zile kuliko nilivyolia siku nyingi za kilio, na nilichukua muda kuelewa ni kwa nini: zilikuwa kazi yake ya mwisho iliyokuwa ingali inaendelea ndani ya nyumba, na nimeiacha ikauke kwa kutojua. Leo naandika tarehe ya maji ya betri kwenye kalenda ya jikoni, na kila mjane ninayemtembelea namuuliza: ni kitu gani mumeo alikuwa anakitazama kila mwezi?

Karatasi ni suala zito zaidi, kwa sababu anayezishika huishia kuishika nyumba. Nimeona mara nyingi shemeji akizikusanya wiki ya kwanza «ili zisipotee», wakati mjane hana nguvu ya kuuliza. Wengine hufanya hivyo kwa nia njema, lakini nashauri kwamba hakuna karatasi itoke nyumbani kabla ya kunakiliwa, na kwamba mjane mwenyewe ajue ilipo hati ya ndoa, cheti cha kifo, karatasi za parseli na kadi ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ikiwa mume aliandikishwa, kwa kuwa mwenzi aliyebaki anaweza kuwa na haki ya pensheni. Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016, inawapa watoto robo tatu za urithi, na inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Ndoa ambayo haikuandikishwa komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, huleta mabishano, na katika hali hiyo ni heri kumwona mwanasheria mapema kuliko kungoja baraza la ukoo.

Neno moja la usalama, ambalo kila mwaka nalirudia bila kuchoka. Mwezi wa sita na wa saba usiku wetu ni wa baridi kali, na aliyezoea kulala na mwenzake huisikia baridi hiyo mara mbili. Usiingize mbabula chumbani ili upate joto. Makala yanayowaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, hushika damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hapati onyo. Katika nyumba ya wawili, mmoja angeumwa kichwa akamwamsha mwenzake. Anayelala peke yake hana wa kumwamsha. Tafuta blanketi la pili, chemsha maji utie kwenye chupa uiweke miguuni, na mbabula ibaki uani mpaka izimike.

Si kila kazi inahitaji kujifunzwa. Kuziba bati, kufua mablanketi mazito, kuchimbua choo kilichojaa, hayo mlipe mtu kama uwezo upo, na usione haya. Nguo za marehemu nazo hazina haraka, hata ndugu wakisukuma. Ninaanza na yale yanayorudi kila siku, yaani maji, moto na chakula, kwa sababu mtu akiyaweza hayo matatu anapata tena saa za siku yake. Malipo ya mwezi huja baadaye.

Familia huniuliza ni lini wawe na wasiwasi. Nyumba yenye vumbi si ugonjwa, na kula mkate na chai jioni tatu mfululizo si ugonjwa. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022, huzuni iliyorefuka hutajwa pale ambapo miezi sita au zaidi imepita na mfiwa bado anamtamani marehemu kwa uchungu usiolegea, hata shughuli za kila siku zikamshinda, kupita desturi za jamii yake. Hapo mlete kwa daktari au kwa mmoja wetu. Na akisema hataki kuishi, msingoje mwezi wala wiki. Mlete siku hiyohiyo.

Mzee wa Katuba alinunua mwiko mpya katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akauchagua kwa kuushika mmoja baada ya mwingine katika mkono wa kulia, muuzaji akimshangaa. Ule wa zamani hakuutundika. Anautumia asubuhi kukorogea uji, na mara ya mwisho nilipopita alinipa kikombe, akaniambia nimwambie kama sukari imetosha.