Jina la tovuti ya mambo ya kikubwa

Wateja wanaotaka jina la tovuti ya mambo ya kikubwa huanza kwa kunong'ona, hata tukiwa kwenye simu. Huyu anauza nguo za ndani na shanga za kiuno Kariakoo, yule ni somo anayetaka kufundisha wanandoa kwa sauti bila picha, mwingine anauza kondomu na vilainishi. Kazi yangu ni kuwasajilia domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, na kuiweka tovuti hewani. Majina wanayokuja nayo huwa ya aina mbili: ama linapiga kelele, "sexy" huku na "hot" kule, ama limefichwa mpaka limekuwa herufi na namba zisizo na maana, kama nywila.

Niseme mapema: picha na video za ngono sigusi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, na adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 7. Hakuna jina litakalokuepusha na hilo, wala seva iliyoko Ulaya haikusaidii kitu ikiwa wewe mwenyewe umekaa Tabata. Hapa naongelea biashara halali za watu wazima, ambazo mjini hapa ni nyingi kuliko watu wanavyokubali kukiri.

Kipimo changu cha kwanza ni kama jina linatamkika mbele ya watu. Dar mzigo unafika kwa bodaboda, na bodaboda akifika getini anaulizwa ametoka wapi. Atalitaja jina la duka lako, shemeji mtu amekaa kibarazani na watoto wanacheza. Jina hilohilo, ukilisajili kwenye lipa namba, litatokea kwenye ujumbe wa muamala. Litabaki pia kwenye historia ya kivinjari, ndani ya simu ambayo pengine watu wawili wanaitumia. Mteja akiaibika mara moja harudi, na shoga yake hamwambii kitu.

Bahati nzuri Kiswahili hakijawahi kutupungukia katika eneo hili. Tuna faragha, unyumba, chumbani, wawili, mwali, somo. Mtu mzima anaelewa, mtoto anapita bila kugeuka. Ila tafsida ikizidi nayo ni hasara. Ukichukua "chumbani" peke yake utaletewa watu wanaotafuta vitanda vya sita kwa sita na makabati. Ndiyo maana napenda maneno mawili: moja la kusitiri, jingine la kutaja bidhaa au huduma. Shanga na faragha, somo na wawili, namna hiyo. Neno "tiba" na maneno "nguvu za kiume" nayakataa kabisa, kwa sababu ni ahadi ya kitabibu ndani ya jina, na ahadi hiyo ina wanaoisimamia. Halafu nguzo za umeme za mji huu zimeshajaa matangazo hayo; unataka kufanana nayo kwa nini?

Sasa vichujio, yaani programu zinazozuia barua pepe na tovuti kwa kukagua maneno, mahali ambapo wengi wanaumia bila kujua. Mwaka 1996 kampuni ya huduma za intaneti ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti, kwa sababu katikati ya jina la mji wao mna herufi nne zinazounda tusi la Kiingereza. Vichujio vya leo vina akili zaidi, lakini jina lenye "sex" au "xxx" bado linaweza kuifanya barua pepe yako iangukie kwenye taka, au lifungwe kwenye mtandao wa ofisi na wa chuo. Hata ule mtindo wa vijana wa kuandika x badala ya s hausaidii hapa.

Hatari ya upande wetu kichujio cha Kiingereza hakiioni, jicho la Mswahili linaiona. Jina la tovuti halina nafasi kati ya maneno. Chukua mfugaji wa Mabibo anayetaka kuunganisha "kuku" na jina la mtaa wake. Andika maneno hayo mawili yakiwa yameshikana, kisha soma kuanzia silabi ya pili. Maskini alikuwa anauza kuku tu! Unaweza kuweka kistari katikati, lakini kwenye simu hakuna anayetamka kistari. Geuza mpangilio, mtaa utangulie. Kwa duka la mambo ya kikubwa ajali kama hiyo ni mbaya mara mbili, maana kila mtu ataamini umekusudia. Nawaambia wateja wampe kijana wa mtaani jina likiwa limeshikana, kwa herufi ndogo zote, alisome kwa sauti. Akicheka, tunaanza upya. Na kumbuka alama ya ng' haiingii kwenye anwani. Zinazoruhusiwa ni herufi, tarakimu na kistari, visivyozidi 63 kati ya nukta na nukta.

Kuhusu mkia wa jina, yaani herufi za mwisho baada ya nukta, kila mwenye biashara ya aina hii ananiuliza juu ya .xxx. Mkia huo uliombwa mwaka 2004, ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, ikaukataa 2007, kisha ikaukubali 2011; .porn na .adult vikafuata 2015. Wazo lilikuwa kuwatengea wakubwa eneo lao. Tatizo ni kwamba eneo lililotengwa ni rahisi kulifunga lote kwa mkupuo: mtoa huduma anaandika kanuni moja, kila jina lenye mkia huo limezimika. Muuza shanga anakwenda kufuata nini huko? Chukua .co.tz, iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na inayomwambia mteja kwamba upo hapahapa, na .com uielekeze kulekule, kwa sababu watu wetu wengi huandika "dot com" bila kufikiri.

Sajili kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi, si ya kijana anayekuendeshea Instagram. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen alighushi barua, msajili akaiamini na kumhamishia jina. Mahakama ya Marekani ililirudisha mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikamwamuru Cohen alipe dola milioni 65, naye akawa ameshakimbilia Meksiko. Siku hizi mwizi hahitaji kughushi barua. Fundi mliyegombana naye anabadilisha nywila tu.

Jina lililowahi kutumika lichunguze kwanza kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni inayoonyesha kurasa za zamani za tovuti. Likiwa lilibeba ponografia, vichujio vinaweza kuwa bado vinalikumbuka. Na la kwako likiisha muda, kwa .com likishaingia hatua ya kufutwa una siku 30 za kulikomboa kwa bei iliyopanda, kisha siku 5, kisha ni la yeyote. Wanaonyemelea majina yaliyoachwa ni pamoja na watu wa kamari na wa ponografia, na kadi zako za zamani zitaendelea kuwapelekea wateja. Kibaya zaidi ni barua pepe. Mwenye jina jipya anaweza kupokea kila kinachotumwa kwenye anwani yako ya zamani, pamoja na oda za watu walioagiza kwa siri na viungo vya kubadilisha nywila. Kwa hiyo hata ukifunga duka, ondoa kwanza anwani hiyo kwenye akaunti zako zote, na jina liendelee kulipiwa miaka miwili mitatu.