Je, wajua kwa nini mnara wa Livingstone Ujiji uko mbali na ziwa?

Ukifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, utaona jiwe lililochongwa ramani ya Afrika yenye msalaba, na miembe inayosemekana kuwa vizazi vya ule mwembe wa zamani ambao inasemekana Livingstone alikutana na Stanley chini yake. Ziwa hulioni. Mpaka uteremke kupita nyumba za watu ndipo ufike kwenye mitumbwi. Ila Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alipomkuta hapo mwaka 1871, Ujiji ulikuwa mji wa bandari, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora. Maji yamekwenda wapi?

Jibu liko ng'ambo, Kongo. Ziwa Tanganyika linapokea Malagarasi, Ruzizi na vijito visivyohesabika, lakini mto unaoyatoa maji yake ni mmoja tu: Lukuga, unaotokea Kalemie na kuishia katika mfumo wa Mto Kongo. Miaka ile mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa na tope, mchanga na matete. Cameron, mpelelezi Mwingereza, alifika 1874, Stanley naye 1876, na wote wawili waliukuta umesongwa hivyo hivyo. Mvua zikanyesha, ziwa likazidi kujaa, hadi mwaka 1878 hivi maji yakakishinda kizuizi na kukivunja. Hore, mmisionari aliyekuwa akiishi Ujiji, alivuka kwenda kutazama mwaka 1879, akaukuta mto ukienda kwa kasi. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10.

Ujiji ndio ulioumia zaidi, kwa sababu ufuko wake una mteremko mdogo: maji yakishuka kidogo tu, mchanga mpana unabaki wazi. Kigoma, kilomita chache kaskazini, ina ghuba yenye kina kirefu na iliyokingwa na upepo. Wajerumani walipoleta Reli ya Kati, mwaka 1914 ilifika Kigoma, na stesheni yao ingali imesimama hapo juu ya bandari. Kwa maoni yangu, anayewaeleza wageni habari za mwembe asiache kuitaja Lukuga, maana ndiyo iliyouhamisha mji.

Na ziwa halijatulia. Miaka ya karibuni mvua kubwa zimelipandisha tena, maji yakaingia bandarini na kwenye nyumba zilizojengwa ufukoni.