Misuli haigeuki mafuta, hata ukiacha mazoezi

Kila mwaka ni yaleyale. Kilimanjaro Marathon ikishapita, masika yanaingia Moshi, viatu vinasukumwa uvunguni, na ifikapo Juni suruali hazifungi. Kisha tunaambiwa: "Misuli yangu imegeuka mafuta." Na lingine baya zaidi: "Kumbe bora nisingeanza mazoezi kabisa."

Hapana. Seli ya msuli na seli ya mafuta ni vitu viwili, na moja haiwi nyingine, kama mfupa usivyoweza kuwa ngozi. Misuli isiyotumika inasinyaa. Wakati huohuo seli za mafuta, ambazo zilikuwapo siku zote, zinajaa.

Zinajazwa na nini? Piga hesabu. Kukimbia huchoma takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 anayekimbia kilomita 10 mara nne kwa wiki huchoma kama 2,800. Amesimama kukimbia, lakini bakuli la mtori, chapati mbili za asubuhi na soda ya mchana havijasimama. Kilo ya mafuta mwilini ni takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo wiki ya tatu au ya nne kilo ya kwanza imeshaingia. Mazoezi hayakudai chochote hapo. Ni sahani ya mkimbiaji kwa mtu asiyekimbia.

Basi sahani ipunguzwe wiki ileile unayosimama, tafadhali, usingoje tumbo litokeze. Anza na soda: chupa ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari. Wali au ndizi punguza robo. Maharage, mayai na samaki usiviguse, maana protini ndiyo inayosaidia kulinda misuli. Na mvua haizuii kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, na kupanda stuli imara kwa mguu mmoja mmoja: seti tatu za kila zoezi, mara mbili kwa wiki, hapohapo sebuleni.

"Mwili wangu umepoa, hauchomi tena." Kilo ya msuli uliopumzika hutumia kama kilokalori 13 kwa siku. Ukipoteza kilo mbili ni 26, hazifiki hata vijiko viwili vya sukari kwenye chai.

"Nimeanza tena, mizani ikapanda!" Ni maji. Misuli iliyorudi kazini hujaza akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa ndani ya misuli, na kila gramu yake hukaa na gramu tatu hivi za maji. Pima kiuno kwa futikamba, mara moja kwa wiki.

Kukimbia na jaketi la nailoni ili upungue? Linatoa jasho tu. Ukinywa maji, uzito umerudi.

"Nitaendelea nilipoishia." Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu pumzi hurudi mapema kuliko nguvu ya kano, zile nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mifupa. Anza na nusu ya umbali wa zamani, barabara tambarare, mlima wa kwenda Kibosho uache kwanza, na uongeze asilimia 10 hivi kwa wiki. Ukiamka kisigino kinauma kwa nyuma, wiki hiyo usiongeze kitu.