Mzigo Mzito na Njia ya Kwenda Stendi Ugenini: Yanayosemwa Mtwara na Yalivyo Kweli

Kijana wa Mtwara akipata nafasi ya kwenda kusoma India, Malaysia, Uturuki au Uingereza, ushauri humiminika kutoka kila nyumba. Mjomba ana lake, shangazi ana lake, na jirani aliyewahi kufika Nairobi naye ana lake. Wanaokwenda kwa matibabu au biashara huambiwa hayo hayo. Wanaoshauri wana nia njema, lakini wengi wanaongozwa na tunavyosafiri huku kwetu. Mtu wa Shangani au Chikongola anaita bajaji, inamfikisha stendi ya Mkanaledi, na kabla hajashuka vijana wameshadaka mabegi na kuulizia basi lake. Mzigo ukiwa gunia au boksi, toyo lipo. Mpaka unaingia kwenye buti hujaubeba hata hatua ishirini.

Ugenini hali ni nyingine, na hapo ndipo fedha ya msafiri inapoliwa. Watu hupima umbali wa kufika stendi kwa kilomita. Mwenye mabegi makubwa anatakiwa kuhesabu ngazi, na kuhesabu atashuka na kupanda gari mara ngapi. Kilomita thelathini za treni ukiwa umekaa na begi liko miguuni hazichoshi. Mita mia tatu zenye ngazi mbili na barabara ya mawe ndizo zinazomfanya mtu aite teksi ambayo hakuipangia bajeti.

“Ukiwa na mabegi makubwa ni teksi tu, hakuna namna”

Hili ndilo linalosemwa zaidi na ndilo linalogharimu zaidi. Katika miji mingi mikubwa, stendi ya mabasi ya mikoani imejengwa juu ya stesheni ya treni au pembeni yake. Istanbul, stendi kuu ya Esenler ina stesheni yake ya metro, yaani treni ya mjini, kwenye njia ya M1, na stesheni yenyewe inaitwa Otogar. Delhi, stendi ya Kashmere Gate inafikiwa kwa njia tatu za metro, na ile ya Anand Vihar ina metro pamoja na stesheni ya reli kubwa. Kuala Lumpur, stendi ya TBS imeunganishwa kwa daraja la waenda kwa miguu na stesheni ya Bandar Tasik Selatan, ambako husimama treni inayotoka uwanja wa ndege na treni za mjini pia. Msafiri wa hapo anapita darajani bila kukanyaga barabara ya magari.

Sisemi teksi ni haramu. Mkiwa watatu au wanne na mnakwenda pamoja, pigeni hesabu: nauli ya teksi mkiigawana inaweza kuwa chini ya tiketi ya treni ya kila mmoja. Mgonjwa naye asihangaishwe kwenye metro ili kuokoa vijisenti. Lakini kwa aliye peke yake, njia nafuu mara nyingi ni kuchanganya: treni au basi kwa sehemu ndefu, halafu teksi kwa kipande kifupi cha mwisho chenye ngazi au kilima. Watu wengi hufanya kinyume. Wanakodi teksi uwanja wa ndege, mahali ambapo usafiri wa umma una nafasi ya mabegi, na wanatembea kwa miguu pale ambapo wangehitaji gari.

“Ramani inasema dakika kumi kwa miguu”

Ramani ya simu inampigia hesabu mtu mwenye mikono mitupu. Ukiwa na kilo 25, dakika kumi ni ishirini, na kama kuna ngazi hesabu hiyo inavunjika kabisa. London ni mfano mzuri. Jina Victoria linabeba vitu vitatu: stesheni kubwa ya reli, stesheni ya treni za chini ya ardhi, na stendi ya mabasi ya masafa marefu, ambayo iko mbele kidogo kwenye barabara ya Buckingham Palace Road. Anayeambiwa “shuka Victoria” hudhani ameshafika, kumbe ana kipande cha kutembea. Tena stendi yenyewe ina majengo mawili, la kuondokea na la kushukia, na katikati kuna mtaa wa Elizabeth Street. Aliyechelewa akaingia jengo la kushukia anapoteza dakika za thamani akivuka na mzigo wake.

Dawa yake ipo kwenye simu hiyo hiyo, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Kwenye Google Maps, ukitafuta njia ya usafiri wa umma, ingia kwenye machaguo ya njia uchague inayofaa kiti cha magurudumu. Njia ya mtu wa kiti cha magurudumu ndiyo njia yako pia: lifti badala ya ngazi, basi lenye sakafu ya chini, na sehemu pana za kupita. London ina hata ramani maalumu ya treni inayoonyesha stesheni zisizo na ngazi, na iko wazi kwa yeyote kwenye tovuti ya mamlaka ya usafiri ya jiji. Njia hiyo huenda ikakuongezea dakika kumi na tano. Zikubali. Na ramani ya jiji unalokwenda ipakue kabla hujatoka Mtwara ili ifanye kazi bila bando, maana laini yako ukifika ugenini huenda isishike, au ishike kwa gharama ya kutisha.

“Begi moja kubwa ni bora kuliko mawili”

Kwenye buti la basi la Dar, begi moja kubwa halina shida kwa sababu anayelinyanyua ni mtu mwingine. Ugenini, kwenye ngazi za stesheni usiku, ni wewe na begi lako. Kilo 30 kwenye begi moja hazipandi ngazi. Kilo 15 na 15 zinapanda, moja mkono huu na nyingine mkono ule, na ukishindwa unapandisha moja kwanza huku nyingine ukiiona. Mabegi matatu tayari ni mengi, kwa sababu la tatu halina mkono.

Kuna na sheria za wenye magari. FlixBus, kampuni ya mabasi inayoshika miji mingi ya Ulaya, wanaruhusu begi moja la kwenye buti lisilozidi kilo 20 pamoja na mkoba mdogo wa kuingia nao ndani; la ziada linalipiwa. Metro ya Delhi ina kikomo cha kilo 25, na kila begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni. Shirika la ndege likikuruhusu begi la kilo 32, ruhusa hiyo inaishia uwanja wa ndege.

Begi la shangazi kaja, hata lifungwe kamba vizuri namna gani, halina magurudumu na mpini wake unakata vidole baada ya mita hamsini. Kwa safari ya Masasi linafaa sana. Kwa safari ya kubadilisha treni mara mbili, hapana.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki, na hakihitaji fedha. Begi likishafungwa, lipeleke dukani kwa mwenye mizani ya kutundika, lipimwe. Halafu tafuta jengo lenye ghorofa, ulipandishe mwenyewe mpaka juu na kulishusha bila kusaidiwa na bila kupumzika katikati. Ukishindwa, fungua begi. Hapo ndipo maneno huanza. “Mama, hizi korosho kilo tano zote za nini?” “Mwanangu, utawapa nini wenyeji wako?” Basi zibaki kilo moja au mbili, zilizobanguliwa na kukaangwa, maana wenyeji watafurahi na hicho kidogo. Ming'oko (viazi vya porini) na ng'onda (samaki wakavu) za kutosha mwezi mzima ndizo za kuacha, tena nchi nyingine zina masharti makali ya vyakula mpakani na vingeishia kwenye pipa la forodha. Unga, sufuria na ndoo vinauzwa kila nchi.

“Lazima uende mpaka stendi kuu”

Mtu wa kusini angepaswa kuwa wa mwisho kuliamini hili. Nani asiyejua kwamba anayekwenda Temeke hushuka Mbagala, hasubiri kuzungushwa hadi Mbezi ilipo Stendi ya Magufuli? Na anayekwenda Masasi akitokea Lindi, si hungojea gari Mnazi Mmoja njia zinapogawana? Ugenini ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba huwezi kupunga mkono barabarani. Kituo cha kupandia kinaandikwa kwenye tiketi, na unakichagua wakati wa kununua.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia vituo vyote vya basi hilo. Uwanja wa ndege wa Heathrow, London, una stendi yake katikati, kati ya jengo la 2 na la 3, na mabasi ya mikoani yanaondokea hapo. Anayekwenda mji ulio magharibi mwa nchi hana sababu ya kuburuza mabegi mpaka Victoria kisha kurudishwa njia ile ile. Uwanja wa Kuala Lumpur nao una mabasi ya moja kwa moja kwenda miji kama Melaka na Ipoh. Istanbul kuna stendi ndogo ya Alibeyköy, inayofikiwa kwa tramu ya T5 inayotokea Eminönü, na kwa aliyefikia upande huo ni karibu kuliko Esenler. Baadhi ya makampuni ya Uturuki huwa pia na vigari vya kukusanya abiria mitaani kuwapeleka stendi bila malipo ya ziada. Ukinunua tiketi, uliza kama kipo na kinapita wapi.

“Basi la mjini halipokei mizigo”

Linapokea kama lina nafasi. London nauli ya basi la mjini ilikuwa pauni 1.75 mwaka 2025, begi halilipiwi, na ndani ya saa moja tangu ugonge kadi mara ya kwanza unaweza kupanda basi jingine bila kukatwa tena. Dereva ana haki ya kukukatalia likiwa limejaa, na nafasi ya kiti cha magurudumu akija mwenye nayo unampisha mara moja. Kwa hiyo kinachoamua ni saa. Asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakirudi, hata ukiruhusiwa utakuwa kero. Saa nne asubuhi au saa nane mchana unakaa na begi lako kwa amani. Panga tiketi ya basi la safari ndefu kufuata saa hizo, hata ikibidi ungoje stendi kidogo.

Nairobi ni tofauti na inafanana zaidi na kwetu: mzigo ukichukua kiti cha daladala (wenyewe huiita matatu), kiti hicho utakilipia. Patana na konda kabla hujapanda.

Na wazo la kumlipa konda keshi mkononi liache nyumbani ukienda miji ya mbali kama London na Istanbul. Mabasi ya London hayapokei keshi tangu mwaka 2014. Unagonga kadi ya benki au Oyster, kadi ya usafiri ya jiji hilo. Istanbul wengi hutumia İstanbulkart, kadi ya usafiri ya huko. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya hapa nyumbani yenye alama ya kugonga inafanya kazi London, ila piga simu benki kabla ya safari waifungulie matumizi ya nje, na uulize makato yao.

“Anayekusaidia begi anakusaidia tu”

Inategemea uko wapi. Kwenye stesheni za reli za India kuna wapagazi rasmi wenye shati jekundu na kibao cha shaba mkononi. Ni kazi yao, wana nguvu ajabu, na bei mnapatana kabla begi halijagusa kichwa chake. Stesheni ya New Delhi kuna pia kibanda cha polisi cha kulipia bajaji kabla ya kupanda, bei ikiwa imeandikwa. Kitumie, kwa sababu mgeni mwenye mabegi ndiye anayetajiwa bei mara tatu. London hakuna wapagazi mtaani. Mtu akikushikia begi kwenye ngazi, ashukuriwe tu, hangoji malipo. Ila begi lenye pasipoti na fedha lisitoke mkononi mwako popote pale.

Kwa wanaosafiri na mgonjwa au mzee, stesheni nyingi kubwa zina wahudumu wa kusaidia wasafiri wasiojiweza, na kwenye reli za Uingereza huduma hiyo ni bure, unaomba mapema. Familia nyingi zinalipa teksi za gharama kwa kutojua tu.

“Ukishavuka Ruvuma, magari yapo muda wote”

Tusisahau kwamba ugenini wa karibu zaidi kwa mtu wa Mtwara ni Msumbiji. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010 na limerahisisha kuvuka na mzigo. Lakini upande wa pili magari ya abiria, ambayo wenyeji huyaita chapa, mengi huondoka alfajiri mno, saa tisa au saa kumi za usiku, na mchana huweza kukosa kabisa. Anayefika saa sita mchana na magunia yake hulazimika kukodi gari zima. Nafuu ni kulala gesti iliyo karibu kabisa na mahali chapa zinapoondokea, kupatana nauli ya mzigo jioni na dereva mwenyewe, si na mpiga debe, na kuupakia kabla ya kwenda kulala kama gari linalala hapo na lina mlinzi.