"Mfumo Umekataa" Si Mwisho wa Shauri

"Wakili, mfumo ndio umekataa, sasa nitamshtaki nani?" Swali hili nimelisikia mno. Wateja wanaamini kwamba uamuzi uliotolewa na kompyuta hauna mwenyewe, kwa hiyo haupingiki. Dhana hii inaniudhi kuliko zote, maana watu wanaziacha haki zao wakati muda wa kuzidai ungalipo.

Sheria haiupi mfumo madaraka. Inaipa taasisi ya umma, na ndiyo itakayojibu mahakamani hata kama hakuna afisa aliyegusa faili lako. Tazama Australia na mpango wake wa Robodebt, ulioanza kutumika kwa upana 2016 kuwadai watu warudishe ruzuku za ustawi wa jamii walizodaiwa kulipwa kupita kiasi. Programu ilichukua kipato cha mwaka na kukigawa sawasawa kwa vipindi 26 vya wiki mbilimbili. Aliyefanya kazi miezi sita, kisha akakosa ajira na kupokea msaada, alionekana ana mshahara hata wiki ambazo hakuingiza chochote. Deni likazuka, na yeye ndiye akaambiwa athibitishe kwamba hadaiwi! Novemba 2019 Mahakama ya Shirikisho ilitamka kwamba wastani wa namna hiyo haukutosha kuhalalisha deni. Ripoti ya tume ya uchunguzi, Julai 2023, iliwanyooshea kidole mawaziri na maafisa.

Basi omba sababu za uamuzi kwa maandishi, na uulize ni taarifa zipi zilitumika. Piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Tafadhali usingoje barua ya karatasi: huenda muda wa kuomba mapitio ya mahakama, yaani mahakama ichunguze uhalali wa uamuzi, ulianza kuhesabiwa siku ujumbe ulipoingia kwenye simu yako.

Wengine huniambia programu ya serikali ni siri, haihojiwi. Februari 2020 mahakama ya The Hague iliibatilisha sheria ya mfumo wa SyRI, uliosaka udanganyifu wa ruzuku Uholanzi, kwa kuwa haukuwa wazi vya kutosha na uliingilia faragha kupita kiasi.

Na wanaodai kwamba sheria ya kimataifa haifiki mtandaoni? Wataalamu wa serikali za nchi mbalimbali chini ya Umoja wa Mataifa walikubaliana 2013 kwamba inafika, hasa Mkataba wa Umoja huo. Kinachobishaniwa ni namna ya kuitumia.

Na hati ya kielektroniki ni hati. Sheria ya Mfano ya biashara ya kielektroniki ya 1996, ya UNCITRAL (tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa), ambayo nchi nyingi zimeifuata, inakataza kuinyima nguvu ya kisheria kwa sababu ya umbo lake tu. Afisa akiikataa, mwombe akuonyeshe kifungu.