Je, wajua ni nani anayeamua "maslahi ya umma" ni yapi kwenye intaneti?

Novemba 2019 ilitangazwa kwamba daftari la majina yote ya tovuti yanayoishia na .org linauzwa. Mnunuzi alikuwa Ethos Capital, kampuni ya uwekezaji iliyoanzishwa mwaka huohuo, na bei ilikuwa dola za Marekani bilioni 1.135. Muuzaji ndiye aliyewashangaza wengi. Alikuwa Internet Society, shirika lisilo la faida lililoundwa 1992 kutetea intaneti iliyo wazi kwa watu wote. Chombo alichokuwa anakiuza, ndicho kinachotunza daftari hilo, kinaitwa Public Interest Registry, yaani rajisi ya maslahi ya umma.

Muuzaji alisema fedha hizo zitamwezesha kufikisha intaneti kwa watu wengi zaidi, na hayo ni maslahi ya umma. Wapinzani, wengi wao mashirika ya misaada, haki za binadamu na elimu, walisema majina yao yakiangukia mikononi mwa wanaotafuta faida, wao ndio watakaokamuliwa, na kuwalinda ndiyo maslahi ya umma. Pande zote mbili zilitumia neno lilelile, na zote zilikuwa na hoja. Sasa nani alikuwa na mamlaka ya kukata shauri?

Ndani ya nchi swali hili lina pa kupelekwa. Kuna bunge, kuna mahakama, kuna uchaguzi. Intaneti haina bunge. Ina kitu kidogo sana ambacho dunia nzima inakitegemea, nacho ni orodha inayoitwa mzizi. Ukiandika anwani inayoishia na .org, na jibu halijahifadhiwa mahali karibu nawe, ombi lako hupelekwa kwanza kwenye seva za mzizi na kuuliza: .org inatunzwa wapi? Mzizi hauijui tovuti unayoitafuta. Unajua tu rajisi ya kuulizwa, na rajisi ndiyo inayokuelekeza mbele. Kikoa, yaani jina la anwani kama .org, kikiondolewa kwenye orodha ile, seva zake zinaweza kuendelea kuwaka na umeme wake ukalipwa, lakini watu hawataiona njia ya kufika.

Orodha hiyo inaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lililosajiliwa California mwaka 1998. Serikali ya Marekani iliendelea kushika usukani wake kwa mkataba hadi 1 Oktoba 2016, mkataba ulipokwisha na kazi kuachwa mikononi mwa wadau: kampuni, wataalamu, asasi za kiraia, watumiaji na serikali. Katika hati zake ICANN inaahidi kutumikia maslahi ya umma wa dunia. Ukitafuta humo maana ya maneno hayo, unakuta kwamba maslahi hayo yatabainishwa mara kwa mara na jumuiya ya wadau, kwa utaratibu shirikishi unaoanzia chini kwenda juu. Kwa maneno mengine, palipotarajiwa ufafanuzi pamewekwa utaratibu.

Nadhani hilo halikuwa uzembe. Ufafanuzi wowote wa sentensi moja ungempa silaha mwenye nguvu wa kwanza kuushika. Serikali inayotaka kuzima sauti za wakosoaji wake ingesema inalinda utulivu wa umma, na kampuni inayotaka kupandisha bei ingesema soko huria ndilo linaloufaa umma. Tatizo ni kwamba utaratibu humfaa anayeweza kuufuata. Vikao ni virefu, nyaraka ni nyingi na nzito, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa Kiingereza. Mwaka 2012 milango ilipofunguliwa kwa vikoa vipya vya ngazi ya juu, yaani miisho mipya ya anwani mfano wa .org, ada ya maombi ilikuwa dola 185,000. Yalipokelewa maombi 1,930. Kutoka Afrika yalitoka 17. Mlango ulikuwa wazi, ndiyo, lakini kizingiti chake kilikuwa kirefu kuliko uwezo wa wengi.

Kwa hiyo maana halisi ya maslahi ya umma ni bora kuitafuta kwenye mashauri yenyewe. Mwaka huohuo wa 2012 kampuni ya Amazon iliomba kikoa cha .amazon. Brazil na Peru zikapinga: jina hilo ni la mto na msitu wao kabla halijawa la duka. Mwaka 2014 bodi ya ICANN ilikataa ombi la kampuni. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka 2017 jopo huru la usuluhishi likaiambia bodi kwamba pingamizi la serikali peke yake halitoshi. Lazima bodi ijiridhishe yenyewe kama nyuma ya pingamizi hilo kuna sababu za msingi zinazougusa umma. Hatimaye kampuni ilikipata kikoa. Mimi uamuzi huo unanisumbua mpaka leo, maana walioishi kando ya mto ule hawakuwa na alama ya biashara ya kuonyesha. Hata hivyo jopo lilisema jambo zito: mtu akitaja umma, hata akiwa serikali, aulizwe ni umma upi na unaumia vipi.

Halafu likaja shauri zito zaidi. Siku chache baada ya uvamizi wa Februari 2022, Ukraine iliiomba ICANN iondoe .ru, kikoa cha Urusi, kwenye mzizi. Ombi lilitoka kwa nchi iliyokuwa inashambuliwa, na uchungu wake ulieleweka. ICANN ilikataa. Ilijibu kwamba kazi yake ni kuhakikisha intaneti inafanya kazi, si kuitumia kuadhibu. Naamini ilifanya sawa. Waliopanga vita wasingekosa njia nyingine ya kuwasiliana. Wa kukatiwa njia angekuwa raia wa kawaida anayetafuta habari zaidi ya zile anazolishwa.

Wazo linalonisaidia kuyaunganisha mashauri haya ni la zamani kuliko ICANN yenyewe. Mwaka 1994 Jon Postel, mhandisi aliyeitunza orodha ya majina kwa miaka mingi, aliandika kwamba kubishania haki na umiliki wa vikoa hakufai. Kinachofaa ni kujali wajibu na huduma kwa jumuiya. Msimamizi wa kikoa, kwa maelezo yake, ni mdhamini. Kiswahili kina neno linaloenea hapo: amana. Anayeshika amana hauzi alichowekewa, wala hakikopei.

Lakini amana ya nani? Jibu langu ni kwamba iwekwe kwanza kwa ajili ya yule asiyeweza kuondoka. Chukua shirika dogo linalosaidia wagonjwa, lenye anwani yake ya .org kwa miaka 20. Anwani hiyo imechapishwa kwenye vipeperushi vilivyokwisha kusambazwa, imo kwenye barua pepe za kila mfanyakazi, imo kwenye viungo vya tovuti nyingine ambazo hazitasahihishwa kamwe. Likihama, mgonjwa aliyeshika kipeperushi cha zamani ataandika jina lile na kufika mahali patupu, au kwa tapeli aliyelinunua jina lililoachwa. Mwenye duka la mtaa akipandisha bei, mteja huvuka barabara. Shirika hili halina pa kuvukia. Ndiyo maana wengi waliingiwa na hofu Juni 2019, miezi mitano kabla ya tangazo la mauzo, ICANN ilipoondoa ukomo wa bei za .org ingawa ilikuwa imepokea maoni zaidi ya 3,000, karibu yote ya kupinga.

Mauzo yasingekamilika bila ridhaa ya ICANN, na Aprili 2020 Mwanasheria Mkuu wa California aliiandikia akiitaka ikatae. Tarehe 30 mwezi huohuo bodi ilikataa. Miongoni mwa sababu ilitaja deni la dola milioni 360 ambalo rajisi ingebebeshwa, na kwamba chombo kilichoundwa kwa ajili ya umma kingegeuka kuwa chini ya wajibu wa kuwaridhisha wawekezaji. Rajisi ilibaki mikononi mwa Internet Society.

Lakini ukomo wa bei haukurudi. Msajili mmoja wa majina, yaani kampuni inayowauzia watu majina ya tovuti, alilipeleka suala hilo mbele ya jopo huru, na mwishoni mwa 2022 jopo likaona kwamba ICANN ilikiuka kanuni zake kwa kuuondoa bila uwazi wa kutosha. Jopo halikupanga bei yoyote; liliiachia ICANN yenyewe itafute namna ya kurekebisha.