Je, wajua kwa nini paka wengine wa mtaani wana sikio lililokatwa ncha?

Ukikaa Forodhani pale Zanzibar usiku na sahani yako ya pweza, au ukikatiza vichochoro vya Lamu asubuhi wakati samaki wanatolewa matumbo, paka watakuzunguka tu, hilo halina mjadala. Sasa kabla hujamwambia "kst!" mwangalie kwanza masikio. Huenda ukamkuta mmoja ambaye sikio moja, mara nyingi la kushoto, halina ile ncha ya juu, limekatwa mstari ulionyooka kabisa. Ukiuliza kijiweni utapewa majibu ya kila aina, mara kapigana na mwenzake, mara watoto watukutu, mara oh kuna mganga alitaka kipande, yaani hapo kila mtu mtaalamu.

Jibu lenyewe ni kwamba huyo paka kakatwa na daktari wa mifugo, tena kwa makusudi, akiwa amelala usingizi wa nusu kaputi, siku ileile aliyofungwa kizazi. Ile ni alama. Inamwambia mtu yeyote anayejua kuisoma kwamba huyu tayari, asikamatwe tena.

Zoezi lenyewe linaenda hivi. Wahusika wanaweka mtego, ule wa kisanduku cha nyavu za chuma chenye mlango unaojifunga, ndani wanaweka kitu chenye harufu kali, dagaa au samaki wa kopo, kisha wanakaa mbali wanasubiri. Kuna sehemu ambayo wengi hawaijui, mlango ukishafunga tu paka anapagawa, anajigonga kwenye nyavu mpaka pua inatoka damu, dawa yake ni kutupia kanga au shuka juu ya mtego mzima. Akiona giza anatulia palepale. Hapo anabebwa mpaka kwa daktari, anachomwa sindano ya usingizi, jike anatolewa ovari na kizazi, dume anahasiwa, wengi wanapigwa na chanjo ya kichaa cha mbwa humohumo maana kumpata tena ni bahati nasibu. Halafu mwisho kabisa kabla hajaamka ndio ncha ya sikio inakatwa, kama sentimita moja hivi kwa paka mkubwa na pungufu ya hapo kwa mtoto. Damu kidogo, inabanwa, inakauka. Mshono wa tumboni ni wa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe kwa sababu hakuna atakayemshika wiki ijayo kumtoa nyuzi, nani huyo? Kesho yake au kesho kutwa anarudishwa palepale alipokamatwa, sio mtaa wa pili, palepale.

Sasa kwa nini sikio, kwa nini wasimvalishe tu mkanda shingoni? Mkanda kwa paka asiye na mwenyewe ni hatari, unanasa kwenye mti au kwenye bati anajinyonga, au anakua nao mpaka unamkata shingo. Ile chipu ndogo ya utambulisho ya chini ya ngozi inataka umshike umpitishie mashine, na huyu hashikiki. Tatoo ya ndani ya sikio nayo hivyohivyo. Kukata pengo pembeni mwa sikio kuliwahi kutumika lakini paka wanapigana kila usiku na kuchanana masikio, utajuaje pengo hili ni la daktari na hili ni la ugomvi wa jana? Ncha iliyokatwa mstari mnyoofu haitokei kwenye ugomvi, na unaiona hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

Na sababu kubwa kuliko zote ni ya jike. Dume ukimwona kwa nyuma unaweza kukisia, ila jike kovu lake liko tumboni, manyoya yakishaota huoni kitu. Bila alama angekamatwa upya mwaka unaofuata, alazwe upya, apasuliwe tumbo upya, daktari anatafuta kizazi hakipo. Ndio maana watu wa kazi hii wanakuambia kipande cha sikio ni bei ndogo sana kulinganisha na tumbo kupasuliwa mara mbili.

Hapo ndipo swali la pili linakuja, na ndilo lenyewe hasa. Kama umeshamkamata, umeshamtibu, umeshamchanja, kwa nini umrudishe barabarani? Si umtafutie nyumba?

Inategemea umri na jinsi maisha yake yalivyoanza. Mtoto wa paka ana kipindi kifupi, takriban wiki ya 2 mpaka ya 7, ambapo ubongo wake unajifunza nani ni mwenzake na nani ni adui. Akishikwashikwa na watu kipindi hicho, binadamu anaingia kwenye orodha ya wasio na shida, na anabaki humo maisha yote. Asiposhikwa, binadamu anabaki mnyama mkubwa wa kutisha. Kwa hiyo ukiokota kitoto cha wiki 5 kikakufokea na kukutemea mate usiogope, kiweke kwenye chumba kidogo, choo kinafaa, kaa chini sakafuni usimame kidogo iwezekanavyo, kipe chakula laini kwenye kijiko kirefu, kila siku mkono unasogea karibu, siku chache tu utashangaa kinalamba kidole huku kinaunguruma. Ila paka wa mwaka mzima aliyezaliwa chini ya kontena na hajawahi kuguswa na mtu, huyo ukimweka sebuleni ataishi nyuma ya kabati. Atakula usiku mkilala. Anaweza kukaa hivyo miezi, na wewe utaona umemsaidia kumbe umemfunga.

Kwa Waislamu kuna ile hadithi inayojulikana sana, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kwamba alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajilia vijidudu vya ardhini. Watu wengi wanaishia kwenye kutomlisha. Mimi naona ile sehemu ya kutomwacha nayo ina uzito wake, yaani kumwacha aende akajitafutie nako kulikuwa ni njia mojawapo ya kumtendea haki.

Kwa hiyo ndani ya kliniki kunatokea kama mchujo. Watoto wadogo wanabaki, wanazoeshwa, wanatafutiwa nyumba. Paka mkubwa anayejisugua mguuni na kutaka kubebwa, huyo alikuwa na mwenyewe akatupwa au akaachwa watu walipohama, naye anatafutiwa nyumba. Yule anayejibana kwenye kona ya mtego macho yamemtoka ndiye anayekatwa sikio na kurudi kwake sokoni. Sio kwamba hapendwi, nyumba yake ndiyo lile soko. Na mchujo wenyewe haufanywi dakika ya kwanza maana paka yeyote akiwa na hofu anaonekana mkali, hata yule wa bibi yako anayelala kitandani, wanampa siku moja mbili atulie ndio wanajua.

Wapo watakaosema mbona mzunguko wote huo, si wauawe tu. Halmashauri nyingi huku kwetu zimewahi kufanya hivyo hasa kwa mbwa, risasi au nyama yenye sumu. Basi ngoja nikupe habari ya kisiwa cha Marion. Ni kisiwa cha Afrika Kusini, kiko huko chini kwenye baridi kali, hakuna wenyeji, ni kituo tu cha hali ya hewa na watafiti. Mwaka 1949 walipelekwa paka 5 kupambana na panya wa kwenye kituo. Kufikia 1977 walikuwa wanakadiriwa kufika 3,400 na wamehamia kula ndege wa baharini. Ikaletwa virusi ya ugonjwa wa paka, wengi wakafa, waliobaki wakawa sugu, wakaanza kuwindwa usiku kwa bunduki na taa, mitego, sumu, mpaka 1991 ndio wakaisha. Hicho ni kisiwa ambacho hakuna paka mwingine anayeweza kuja, hakuna jalala, hakuna jirani anayetupa watoto wa paka kwenye boksi. Sasa chukua hesabu hiyo ulete Kariakoo.

Mjini ukiwaondoa paka wa eneo moja, chakula kilichowaweka pale bado kipo, vichwa vya samaki bado vinatupwa palepale, panya bado wapo, kwa hiyo paka wa jirani wanahamia. Na uzazi wao si mchezo, jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, mimba ni kama siku 63 mpaka 65, na anaweza kubeba nyingine huku bado ananyonyesha. Isitoshe yai lake linatoka baada ya kupandwa, kwa hiyo akipandwa na madume watatu, watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukuta ndugu wanne rangi nne. Paka aliyefungwa kizazi anayerudi palepale anashikilia nafasi, hazai, na zile kelele za usiku juu ya bati zinapungua sana.

Ila tuwe wakweli, njia hii haifanyi kazi ukifunga wawili kati ya ishirini ukapiga picha ukaondoka. Inatakiwa karibu wote wa kundi moja, na wapya wakitupwa pale wakamatwe mapema. Na kuna sehemu haifai kabisa, kama kwenye hifadhi za ndege adimu, maana paka aliyefungwa kizazi bado ni mwindaji kama kawaida.

Wenzetu wameshaiweka mpaka kwenye sheria. Italia tangu 1991 sheria namba 281 inasema paka wa mtaani wafungwe kizazi na warudishwe kundini kwao, pale Roma kuna kundi maarufu linaishi ndani ya magofu ya Torre Argentina, eneo ambalo Julius Caesar aliuawa, watalii wanakuja kuona historia wanaishia kupiga picha paka. Marekani mwaka 1990 wanawake wawili walioanza na kundi moja la paka kwenye kichochoro cha Washington wakaanzisha Alley Cat Allies, na jina la shirika limekuwa karibu sawa na zoezi lenyewe. Mbwa nao wana alama zao, India utamkuta mbwa wa barabarani ana pengo la umbo la V kwenye sikio, Istanbul wana kidude cha plastiki kimechomekwa sikioni. Uturuki walikuwa na sheria ya 2004 ya kamata, funga kizazi, chanja, rudisha, ila 2024 wakaibadilisha mbwa wakusanywe kwenye vituo, na ugomvi uliotokea huko ulikuwa mkubwa, watu waliingia barabarani.

Kwa mbwa kuna kitu cha ziada, kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu vya ugonjwa huu duniani, asilimia 99, vinatokana na mbwa, na wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Ukiwaua ovyo unaua na waliochanjwa, wanaoingia badala yao hawajachanjwa, unaanza sifuri. Kwa hiyo mbwa mwenye alama sikioni pale mtaani kwako ni faida kwako hata kama humpendi. Na hapohapo niseme, paka au mbwa usiyemjua akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo, usisubiri uone kidonda kinaendaje.

Turudi kwa wale wanaopata nyumba, maana hapa watu wanalalamika sana. Unaenda kituoni, Nairobi KSPCA kwa mfano, shirika la kutunza wanyama, au kwa mtu binafsi anayelea watoto wa paka nyumbani kwake, unategemea upewe bure maana ni paka wa mtaani bwana, unakuta maswali. Unaishi wapi, umepanga au kwako, mwenye nyumba anajua, mna watoto wadogo, ukisafiri nani anamlisha. Halafu kuna pesa ya kutoa. Watu wanaona ni usumbufu, ila chanjo, dawa ya minyoo na operesheni vimeshalipwa na mtu, na ile pesa mara nyingi haifiki hata gharama ya kumfunga kizazi ukienda mwenyewe kwa daktari. Lile swali la mwenye nyumba ndilo kubwa kwa sisi wa kupanga, kwa sababu wanyama wengi wanaorudishwa wanarudi kwa hilo, umehama, nyumba mpya hawataki wanyama, basi. Muulize kabla, na ikiwezekana akujibu kwa meseji ili iwepo.

Na kama unataka mnyama mtulivu usikimbilie kitoto. Kitoto kinapanda mapazia saa tisa usiku. Chukua mkubwa wa miaka miwili mitatu, tabia yake unaiona palepale, na wakubwa ndio wanaokaa kituoni muda mrefu kwa sababu kila mtu anataka kadogo. Ukikuta mkubwa anayebembelezeka mwenye sikio lililokatwa, wapo, maana kuna paka wa mtaani ambao baada ya miaka ya kulishwa na mtu mmoja wanaamua wenyewe kuingia ndani, huyo operesheni ameshafanyiwa, usilipe tena.

Ukikuta watoto wa paka bila mama, usiwabebe hapohapo labda pawe na hatari kama gari au mbwa. Mama anakuwa ameenda kutafuta chakula na akiona upo karibu harudi. Kaa mbali masaa kadhaa uangalie. Akirudi, waache anyonyeshe, wakianza kula wenyewe wachukue uwazoeshe kabla wiki 7 hazijapita, na yeye mama mtegee dagaa.